Mgomba Uliovaa Beji ya Naliaka

Ukipita Thika ukauliza kwa nini tamthilia ya "Dada wa Wodi" ilikatika kabla msimu wa kwanza haujaisha, utapewa majibu ya kila aina. Wengine watakuambia ilikuwa inachosha. Wengine watasema stesheni ilipata meneja mpya asiyependa hadithi za hospitali. Mwenye saluni pale Kamenu ataapa kwamba waigizaji waligombana kwa sababu ya mapenzi, maana yeye kila jambo hulieleza kwa mapenzi. Wote hao wanabahatisha. Tamthilia ile iliuawa, na aliyeiua ni Naliaka, binti wa Perez. Aliiua akijua anachofanya, na kwa muda mrefu hakuna kitu kilichompa raha kama kuiona ikifa.

Wazazi wake walitoka Bungoma kuja kufanya kazi katika shamba la mananasi nje ya Thika, na Naliaka akazaliwa katika nyumba za wafanyakazi wa shamba hilo. Baba alifariki yeye akiwa bado shule ya msingi. Perez akahamia Kamenu, kwenye nyumba ya vyumba viwili yenye mlango wa mbele na mwingine wa uani, akaendelea kuchuma mananasi na kurudi jioni mikono imechanwachanwa na majani. Ndoto yake ilikuwa moja tu, kwamba huyu msichana awe muuguzi. Alama za mtihani zikakataa. Naliaka akaingia katika vikundi vile vinavyozunguka shule za sekondari kuigiza vitabu vya mtihani, akawa leo malkia, kesho mchawi, kesho kutwa mke wa chifu, katika kumbi zenye mwangwi mbaya na wanafunzi wanaocheka mahali pasipochekesha.

Kwa hiyo alipochaguliwa kucheza mwanafunzi wa uuguzi katika tamthilia mpya iliyokuwa ikirekodiwa Gitothua, kule Ruiru, Perez alifurahi kuliko hata yeye. Alisema Mungu ana njia zake, kama mtoto hakuipata kazi basi ameipata sare. Akachukua picha ya Naliaka akiwa na gauni jeupe na beji kifuani, akaitundika ukutani juu ya redio, na kila mgeni aliyeingia alionyeshwa. Wakati huo macho ya Perez yalikuwa yameanza kupatwa na ukungu wa mtoto wa jicho, lakini ile picha alijua ilipo bila kutafuta.

Mwenye tamthilia alikuwa Byron Gachau. Aliandika, akaelekeza, akakodi jengo lisilomalizika akaligeuza kuwa wodi kwa mapazia ya kijani na vitanda alivyovitoa sijui wapi. Hakuwa mjinga wa kazi, hilo tumpe. Hakutaka waigizaji wajikwae kwenye majina mapya, hivyo kila mtu alicheza kwa jina lake mwenyewe. Naliaka alikuwa Naliaka, mwanafunzi mwenye mdomo ambaye hata daktari akimkosea anaambiwa. Wilkister, mpambaji wao, naye alivishwa sare akawa mwanafunzi pale watu walipopungua. Syokau, mama mmoja wa maombi kutoka Kilimambogo, alicheza matroni, na alikuwa mkali hata kamera ikizimwa. Nyota wa mchezo alitakiwa kuwa Janice, mchumba wa Gachau.

Watazamaji hawakuambiwa hivyo, au waliambiwa wakakataa. Walimpenda Naliaka. Alikuwa akipita sokoni Thika anaitwa "sista", anakatiwa nyanya za kuonja, anaombwa picha. Mama mmoja alimletea mtoto mwenye homa amtazame. Naliaka alimwambia yeye si muuguzi, ampeleke zahanati, na yule mama akaondoka akimsifu kwa jinsi asivyojivuna. Janice naye alipita soko lilelile akauziwa nyanya kama mtu yeyote. Baada ya hapo Gachau akaandika sehemu ya sita, ambamo Naliaka anachomwa na sindano iliyotumika, anaugua, anakufa.

Tuelewane hapa, kwa sababu watu wengi hukosea. Naliaka hakukasirika kwa kuuawa. Aliumia, ndiyo, lakini kazi ni kazi. Hata mama yake alipoelezwa alisema kufa kwa mchezo si kufa, mbona Pasaka kanisani kwao hucheza mateso ya Bwana na kijana anayesulubiwa hurudi nyumbani kula ugali. Naliaka akalala ndani ya jeneza lenye kidirisha cha kioo, wenzake wakapita mmoja mmoja wakimlilia, na alijitahidi asipepese macho. Halafu ikafika zamu ya kulibeba jeneza, vishikio vikawa vinalegea, Gachau akaona watamwangusha. Akamwambia yeye amemaliza, aende nyumbani.

Mazishi yalirekodiwa Theta, kwenye shamba dogo ambalo Gachau alikuwa amelinunua ili ajenge, kwa sababu pale hakuhitaji kuomba ruhusa ya mtu. Jeneza tupu likawa linabebwa kirahisi mno, linayumba mikononi, mtu yeyote angejua halina kitu. Gachau akamwambia Kagwe, mtunza shamba, ang'oe mgomba pale kwenye ua autie ndani. Kagwe akaung'oa, akakata majani, akauingiza. Wabebaji wakati huo walikuwa wakinywa chai upande wa pili wa gari. Na hapo ndipo Gachau akapata mzaha wake. Alichukua ile sare ya Naliaka akauvisha mgomba, akaubandika beji, akajirekodi kwa simu ameukumbatia, kisha akiulaza tena jenezani. Kwenye ile klipu anasema huyu ndiye Naliaka anayempenda, hachoki, halalamiki, hasahau maneno. Jeneza likateremshwa shimoni, nyimbo zikaimbwa, msalaba wenye jina la Naliaka ukachomekwa. Jeneza lilikuwa la kuazima kwa fundi, kwa hiyo watu walipoondoka likatolewa likarudishwa. Mgomba ukabaki mlemle, na sare yake na beji yake, Gachau akaanza kuufukia, Kagwe akamalizia. Jioni ile Gachau akairusha klipu mtandaoni ili watu wacheke.

Kwao Gachau mgomba ni ndizi, na shina lake ni lishe ya ng'ombe. Kwao Perez ni habari nyingine. Mtu akifia majini, au akapotelea ugenini na mwili wake usipatikane, jamaa huzika shina la mgomba badala yake. Jina lake hutajwa, udongo hurudishwa, na kuanzia siku hiyo mtu huyo amekufa na mambo yake yamekwisha. Hata akija kutokea miaka baadaye kwa miguu yake mwenyewe, haingii tu ndani akavuta kiti. Akiingia hivyo, ameleta kifo nyumbani, na kifo hakirudi mikono mitupu. Perez alikuwa mwanakwaya, hakosi ibada, na mambo mengi ya kwao alikuwa ameyaacha huko. Hili hakuliacha, wala hakuwahi kudhani atalihitaji Thika.

Klipu ilimfikia kwa simu ya Kavindu, jirani yake. Aliishika karibu na pua ili aone. Naliaka alipofika jioni na mkate wake kwapani alimkuta mama yake amesimama mlangoni, ufagio umelazwa chini kukata njia.

"Simama hapo hapo, Naliaka. Usivuke."

"Mama, ni mimi."

"Najua ni wewe. Ndiyo maana nakuambia usivuke."

Akalia, mama mtu mzima, akilia bila kumsogelea mwanawe. Naliaka alicheka kwanza. Halafu akaona ukutani juu ya redio msumari mtupu, picha imetolewa, na kicheko kikamkauka. Mjomba wake wa Bungoma akapigiwa simu. Mjomba hakuwa na maneno mengi. Alisema aliyezika ndiye anayefukua. Huyo mtu achimbe kwa mikono yake, autoe mgomba mbele ya watu, alitaje jina kwa sauti kwamba huyu yu hai. Kisha kondoo achinjwe, msichana aingie kwa mlango wa uani, na mambo yaishe. Mtu mwingine akichimba ni bure, na msichana akijichimbia mwenyewe ni vibaya zaidi.

Basi Naliaka akahamia kwa rafiki yake mtaa wa pili. Kila jioni alikuja kusimama nje ya dirisha la mama yake. Perez alikuwa akihitaji mtu sasa, alikuwa anamimina chai nje ya kikombe na kuungua vidole, na binti yake alitazama hayo kupitia nondo za dirisha asiweze kuingia kumshikia birika. Ukimuuliza Naliaka kama anayaamini hayo mambo ya mgomba atakuambia haamini. Lakini mguu wake haukuvuka ule ufagio hata siku moja.

Akaenda Gitothua. Aliamini ni jambo la kueleweshana tu. Alimkuta Gachau kwenye kiti chake cha turubai, Janice pembeni akipakwa poda na Wilkister, akamweleza yote kwa adabu, mama, ufagio, mjomba. Akamwomba waende Theta wakati wowote atakaopenda, achimbe, atoe ule mgomba, aseme neno moja. Kondoo angejitafutia mwenyewe. Gachau alimsikiliza mpaka mwisho, na kwa muda Naliaka akadhani amempata. Kisha Gachau akamgeukia Janice, akatabasamu.

"Lakini wewe si ulidedi episode ya sita?" akasema. "Maiti haombi kitu."

Janice akacheka hadi poda ikamwagika. Naliaka alisimama pale, uso unamwaka moto, akatafuta neno la kujibu na yeye ndiye aliyesifika kwa mdomo, asilipate. Akaondoka. Alipofika barabarani alikuwa hataki tena kufukuliwa. Alikuwa anataka Gachau alie.

Hakupiga kelele, na hapo ndipo ubaya wake ulipokuwa. Kila mwigizaji alikuwa amepewa sare mbili, na ile ya pili Naliaka alikuwa bado anayo, na beji yake. Aliifua, akaipiga pasi ikakakamaa, akaivaa. Asubuhi akaenda kuketi kwenye kibanda cha chai kilichotazamana na lango la Gachau, mahali ambapo kila mtu wa tamthilia alipitia chapati kabla ya kazi. Alipoulizwa anafanya nini pale alisema anakunywa chai.

Wilkister ndiye alikuwa wa kwanza kuketi naye. Alikuwa ameiona klipu akacheka kama wengine, akidhani baadaye mgomba ulitupwa. Naliaka, aliyekuwa amemuuliza Kagwe, akamwambia haukutupwa. Uko shimoni hadi sasa, umevaa jina langu, na wewe ulinibeba, ukanirushia udongo, ukaimba ubeti wa tatu peke yako maana wengine hawakuujua. Wilkister ni mtu wa Kakamega, jirani na Bungoma. Hakuhitaji kufafanuliwa. Chapati yake aliiacha kwenye sahani.

Kuanzia siku hiyo neno likaingia ndani ya lile jengo. Odhiambo, mpiga picha, alisema kwao pia mambo hayo yapo na hayachezewi, akaanza kufunga kamera yake mapema. Wengine ambao kwao hayapo waliogopa zaidi, kwa sababu hawakujua mwisho wake ni nini. Siku moja taa kubwa ikaanguka ikapasuka katikati ya zoezi. Stendi ya taa ile ilikuwa imefungwa kwa kamba ya katani tangu siku ya kwanza, kila mtu alijua itaanguka, na Naliaka alijua kuliko wote maana alikuwa akiikwepa. Walipokuja kumsimulia kibandani, wametoa macho, aliuliza swali moja tu.

"Na ilianguka ikitazama wapi?"

Wakasema ilitazama kitanda chake cha zamani. Naliaka akatikisa kichwa polepole, akanywa chai yake. Wakarudi ndani wakitembea kwa kushikana mikono, watu wazima, na yeye akaagiza chapati ya pili akaila yote.

Ikawa hivyo. Mtu akiumwa tumbo, walimtazama Naliaka. Jenereta likizima, walimtazama. Hakuwahi kusema kwamba ni mgomba. Hakuwahi kusema si mgomba. Alikuja kila siku na sare yake safi, amekaa wima, na kufikia mwisho wa mwezi kuna wasichana walioanza kupitia lango la nyuma ili wasimwone.

Syokau alijaribu kuponya mambo kwa maombi. Alizunguka wodi na chupa ya mafuta akipaka vitanda. Alipomaliza akamfuata Gachau mbele ya wote akamwambia yeye kama mzazi anamsihi aende akachimbe, hata kama haamini, amfanyie yule mama wa watu. Gachau akasema hawezi kuongozwa na mgomba. Syokau akachukua kibeti chake, akavua ile kofia ya matroni akaiweka juu ya kitanda, akaenda zake Kilimambogo. Wodi bila matroni haina maana, na aliyewekwa mahali pake alikuwa Janice, amepakwa mvi za unga. Watazamaji walicheka mahali ambapo mtoto alikuwa akifa. Baada ya hapo waigizaji wakaanza kutoka mmoja mmoja, huyu ana harusi, yule ana mtihani. Stesheni ikarudia vipindi vya mapishi saa ile ya "Dada wa Wodi", na hakuna aliyeandika kulalamika.

Wilkister alirudi kupamba maharusi kwa vibarua vya hapa na pale. Alikutana na Naliaka karibu na stendi ya Ruiru akampita bila salamu. Naliaka aliliona hilo, akajiambia kila vita vina majeruhi, akaendelea na safari yake. Usiku alilala vizuri.

Kisha Gachau akaja Kamenu. Ilikuwa Jumamosi mchana, watu wameanika nguo, na Naliaka alikuwa amesimama nje ya dirisha la mama yake kama kawaida. Gari likasimama. Gachau akashuka amekonda, shati halijapigwa pasi, miguuni amevaa gambuti. Akafungua buti ya gari, akatoa jembe. Alieleza kwamba stesheni imempa nafasi ya mwisho, akiwarudisha watu wake wote kipindi kitarudi hewani, na watu wake wamemwambia hawarudi mpaka ule mgomba utoke. Sauti yake ilikuwa ya chini kuliko alivyowahi kuisikia.

"Naliaka, twende Theta. Nitachimba mwenyewe, mbele ya yeyote unayemtaka. Mwite mama, mwite hata pasta. Nitasema vile mjomba anataka niseme. Nakuomba."

Yalikuwa ndiyo yote aliyoyataka. Jembe lilikuwa pale, mkono uliouzika mgomba ulikuwa umelishika, na Theta si mbali. Lakini tangu siku ile ya poda Naliaka alikuwa na sentensi moja kinywani ambayo ilikuwa haijapata mahali pa kutemewa. Alilala nayo na kuamka nayo. Majirani walikuwa wameacha kuanika nguo wanasikiliza, na hapakuwa na jukwaa zuri kuliko hilo.

"Maiti haombi kitu, Gachau," akasema. "Wala haombwi."

Mtu mmoja alipiga makofi. Wengine wakacheka. Gachau alilitazama jembe, akalirudisha ndani ya buti taratibu, akaendesha gari akaondoka. Na ilikuwa tamu, tusidanganyane. Naliaka alisikia utamu ule mpaka vidoleni. Hapo ndipo pazia la dirisha lilipovutwa.

"Ni yule mtu?" Perez aliuliza.

"Ni yeye, Mama."

"Nimesikia chuma. Alikuja na jembe?"

"Alikuja nalo. Lakini hakuja kwa ajili yako wala yangu, Mama. Alikuja kwa ajili ya tamthilia yake. Angechimba, apate watu wake, aende akatucheke tena."

Perez alishika nondo za dirisha, macho yake yenye ukungu yakitazama pembeni kidogo ya pale binti yake alipokuwa.

"Sikukuuliza amekuja kwa nini," akasema, akafunga dirisha.

Naliaka alingoja Gachau arudi. Alijiambia lazima arudi, mtu anayetaka kitu hurudi. Gachau hakurudi. Ikasikika anarekodi video za harusi, na Janice hayuko naye tena. Angeweza kumfuata Gitothua, njia anaijua. Lakini kumfuata kulikuwa kumkabidhi ushindi wote aliouchuma kwa chai na uvumilivu, na hilo hakuwa tayari kulifanya. Akaendelea kuja dirishani. Dirisha lilifunguliwa kwa salamu tu, kisha likafungwa.

Siku ya upasuaji wa jicho la kwanza ikafika. Kavindu ndiye aliyempeleka Perez hospitali, na Kavindu ana kazi kiwandani, angeweza kumpeleka asubuhi lakini si kumrudisha mchana. Alimwendea Naliaka. Akamwambia afanye anavyoweza, yeye ameshamwambia Perez kwamba kuna sista amemwomba amfikishe nyumbani. Alisema "sista" akimtazama machoni, akaenda zamu yake.

Naliaka akaivaa ile sare, na beji. Akafunika pua na mdomo kwa barakoa, akaenda kungoja kwenye benchi nje ya lango. Perez akatolewa na mhudumu, jicho moja limefunikwa kwa bandeji na la pili bado ni ukungu mtupu. Naliaka akamshika mkono. Ilikuwa mara ya kwanza kumgusa tangu ule mgomba. Hakusema neno, na Perez akasema Kavindu alimwambia sista huyu ana shida ya koo, asijichokoze kuongea. Hospitali haikuwa mbali na Kamenu, wakatembea polepole, Naliaka akimwonyesha mashimo kwa kumbana mkono kidogo. Perez hakuuliza jina lake.

"Sare yako imepigwa pasi vizuri," alisema walipofika njia ya kokoto. "Naisikia inavyokwaruza. Nina binti alikuwa anaipiga hivyo hivyo."

Naliaka akabana mkono, palikuwa na jiwe.

"Walimzika, unajua. Kwa mchezo. Huyo aliyemzika nilimsamehe zamani, hakujua alichofanya. Kwao hicho ni chakula cha ng'ombe." Alivuka jiwe, akapumua. "Ni huyu wangu ndiye ananishinda. Alijiwa na jembe mpaka mlangoni, sista. Akakataa kutoka kaburini, ili apate neno tamu la kumwambia mtu."

Wakaendelea kutembea. Barakoa ya Naliaka ilikuwa imelowa na hakuweza kuivua. Mkono wa mama yake haukulegea wala haukukaza, ulikuwa umeshika tu, kidole gumba juu, jinsi alivyokuwa akimshika kumvusha barabara kuu akiwa mtoto.

Walipofika, Perez akatafuta ufunguo shingoni, akafungua mlango wa mbele. Alipapasa kizingiti kwa mguu, akaingia, akageuka.

"Ingia, sista, unywe chai. Umenihurumia."

Naliaka aliona ndani. Aliona redio, msumari, na ile picha mezani imelazwa kifudifudi. Ufagio ulikuwa umeegemezwa ukutani. Amekaribishwa kwa mdomo wa mama yake mwenyewe, na hakuna mtu angejua. Aliinua mguu. Kisha akawaza jicho lile chini ya bandeji, na kile alichoambiwa kwamba huingia pamoja na mtu kama yeye, akauteremsha mguu mahali palepale ulipokuwa. Akamvutia mama yake kiti mpaka mlangoni kwa kunyoosha mkono tu, bila kuvuka, akamkalisha. Kavindu, aliyeruhusiwa kutoka zamu mapema, alikuwa anakuja na kibeti chake cha kazini. Perez aliusikia mlio wa viatu vyake, akaanza kusema, na hakugeuza uso kwa Kavindu aliposema.

"Kesho wanatoa bandeji. Ningetaka kumwona vizuri mtu anayekula na mimi."

Usiku ule Naliaka hakulala vizuri. Asubuhi aliazima jembe la Kavindu, akaenda Gitothua. Jengo la zamani lilikuwa limefungwa mnyororo, akaelekezwa nyumba ambayo Gachau amepanga, nyuma ya kinu cha kusaga. Hakuvaa sare. Alivaa rinda la kawaida, na jembe alikuwa amelibeba begani, watu wakimtazama. Kibanda chake cha chai alikipita bila kugeuka.

Mlinzi akafungua kidirisha cha geti, akamwangalia yeye na jembe lake, akasema mzee bado amelala, aseme ni nani na anataka nini.

Naliaka alilishusha jembe begani. Lilikuwa neno chungu, lakini alikuwa amelifanyia mazoezi njia nzima.

"Mwambie ni maiti," akasema. "Amekuja kuomba."